Usalama wa Mgonjwa Mahututi: Wajibu wa Muuguzi Kutoka Zahanati Hadi ICU

Mgonjwa mahututi ni yule ambaye upumuaji, mzunguko wa damu au fahamu zake zimedhoofika kiasi cha kuhatarisha uhai. Wodi ya wagonjwa hao, maarufu kwa jina la ICU, huwa na mashine za kusaidia kupumua na vifaa vya kufuatilia hali ya mwili saa zote. Hata hivyo, kifaa hutoa tahadhari tu. Anayechukua hatua ni muuguzi.

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, wauguzi wa ICU waliwekewa utaratibu wa kutibu mara dalili ya hatari inapoonekana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kuwa tiba ya haraka iliongezeka. Kwa mtu mzima, dalili hizo ni pamoja na kupumua chini ya mara 8 au zaidi ya mara 30 kwa dakika, oksijeni katika damu kushuka chini ya asilimia 90, na shinikizo la juu la damu kuwa chini ya 90. Muuguzi hufungua njia ya hewa, hutoa oksijeni na humwita daktari bila kusubiri zamu nyingine.

Hatari nyingine ni maambukizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya 100 waliolazwa hupata maambukizi wakiwa hospitalini. Kinga yake ni kunawa mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa, kumwinua kichwa nyuzi 30 hadi 45 anapotumia mashine ya kupumua, na kuondoa mpira wa mkojo usiohitajika tena. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, hali yake ikiruhusu, huzuia vidonda vya mgandamizo.

Kwa mkazi wa Kitanga wilayani Kasulu, huduma huanzia zahanati, ikafuata hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni mjini Kigoma. Kutoka Kibondo, safari hiyo huzidi kilomita 200, na mgonjwa aweza kuzidiwa njiani. Ndiyo maana mwaka 2021 wataalamu wa kimataifa waliainisha hatua 40 za msingi zinazopaswa kupatikana katika kila hospitali, hata isiyo na ICU. Kabla ya kuondoka, muuguzi hupima upya dalili zote, huhakikisha oksijeni inatosha safari nzima, huandika vipimo na saa katika barua ya rufaa, na huiarifu hospitali inayopokea.

Ndugu wa mgonjwa nao wana wajibu: kutaja dawa alizotumia na zinazomdhuru, kunawa mikono, na kutompa chakula bila idhini ya muuguzi.

Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 17 Septemba tangu mwaka 2019.