Wakati Uliopita wa Kiingereza na Kiswahili cha Fizi na Baraka: Dokezo la Kihistoria

Makala haya yanachunguza kihistoria tatizo linalomkabili mwanafunzi wa Fizi na Baraka, Kivu ya Kusini, anapojifunza kuunda wakati uliopita wa vitenzi vya Kiingereza. Aghalabu lawama hutupiwa "Kiswahili kibovu" anachotoka nacho nyumbani. Hoja yetu ni kwamba hukumu hiyo haiungwi mkono na historia ya lugha hizo mbili.

Wasemaji wa Kiingereza walifika huko zamani. Mwaka 1858 Burton na Speke walipita kwa mitumbwi kwenye rasi ya Ubwari, inayokabiliana na Baraka, lakini lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Utawala wa Ubelgiji ulileta Kifaransa, na Kiingereza kikaja kuwa somo la sekondari tu. Vita vya mwaka 1996 vilibadili hali hiyo. Maelfu ya watu walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu, na baadaye wengi wakahamishiwa Marekani. Kwao Kiingereza si mtihani wa darasani. Anayehojiwa juu ya maisha yake hana budi kupambanua alilolitenda mara moja, alilolizoea zamani, na analoendelea nalo.

Je, kanuni za Kiingereza zilitoka wapi? Vitenzi vingi vya kale vilibadili irabu ya ndani, kama "sing" na "sang". Vingine vilichukua kiambishi tamati "-ed", ambacho wataalamu wengi hukihusisha na kitenzi chenye maana ya "kutenda" kilichochakaa na kuambatana na kingine. Kitenzi "help" kilihama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili. Nacho "go" kiliazima wakati wake uliopita, "went", kutoka kitenzi kingine, "wend". Hakuna baraza lililoamua hayo; ni mazoea ya wasemaji.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyohiyo. Kiambishi "-li-" kinatokana na kitenzi cha "kuwa", na "-me-" kinatokana na kitenzi cha kale chenye maana ya "kumaliza". Katika Kiswahili cha Kongo husikika pia "nilifanyaka", kwa jambo la mazoea au la zamani. Kiambishi hicho si uharibifu wa Kiswahili sanifu, bali kina asili yake katika Kibantu cha kale, na lugha nyingi za Kibantu zimekihifadhi.

Kwa hiyo mwalimu wa Baraka anayo nyenzo mkononi. Kwa "nilifanya" aeleze "I did". Kwa "nilifanyaka" ya mazoea aeleze "I used to do". Kiswahili sanifu kifundishwe, naam, lakini mwanafunzi asiambiwe kwamba lugha ya mama yake haina wakati uliopita wenye utaratibu. Anao, na una historia ndefu.