Kifungu cha 48 kwenye ufuo wa Kituku

Kituku, upande wa magharibi wa mji wa Goma, ni bandari ndogo na soko kwa pamoja. Boti kutoka Minova na vijiji vingine vya pwani ya Ziwa Kivu hushusha ndizi, mihogo na makaa, na kando ya mizigo hiyo wanawake na watoto huinama kuchota maji ya ziwa kwa bidoni za manjano. Maji hayajawahi kupungua Goma. Kinachopungua ni maji safi bombani. Hata hivyo Katiba ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 48 kwamba haki ya makazi yanayofaa, ya kupata maji ya kunywa na ya kupata umeme zinahakikishwa. Wapo wanaokiona kifungu hicho kuwa pambo. Naamini ni hati ya deni, na historia ya nchi hii inatufundisha kwamba deni la namna hiyo huanza kulipwa pale tu mdai anapokuwa huru kudai.

Orodha ya haki ambayo Wakongo waliingia nayo kwenye uhuru haikuandikwa na wao wenyewe. Ilikuwa sheria ya Ubelgiji ya tarehe 17 Juni 1960 kuhusu uhuru wa raia, iliyotolewa siku 13 kabla ya bendera kubadilishwa. Katiba ya Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga, ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1964 ikiwa na haki za raia ndani yake, lakini haikutimiza miezi 16: Jenerali Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Katiba yake ya 1967 nayo ilitaja haki, kisha marekebisho ya 1974 yakakifanya chama chake, MPR, kuwa juu ya kila chombo cha dola. Kwa miaka mingi, basi, haki hazikukosekana kwenye karatasi. Aliyekosekana ni mtu wa kuzidai bila kuhofia jela. Na Julai 1994, kipindupindu kilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliokimbilia Goma, maji ya ziwa hilihili yakiwa miongoni mwa njia zake, ilidhihirika kwamba kukosa haki ya maji si jambo dogo: maji machafu huua kama risasi.

Katiba ya sasa ilipigiwa kura Desemba 2005, baada ya vita viwili, na zaidi ya 80% ya wapiga kura wakaikubali. Iliweka maji kwenye orodha moja na uhuru wa kusema, wa kukusanyika na wa kuandamana. Vijana wa Goma waliounda vuguvugu la LUCHA mwaka 2012 walielewa maana ya ujirani huo. Miongoni mwa madai yao ya mwanzo lilikuwa dai la maji ya kunywa kwa mji unaolala kando ya ziwa, na silaha yao ilikuwa maandamano ya amani yanayolindwa na kifungu cha 26. Anayemzuia kijana kuandamana kwa ajili ya maji huwa amemnyang'anya haki mbili kwa mkono mmoja.

Kuna pingamizi lenye uzito: uhuru wa kusema hauigharimu serikali pampu wala mabomba, ilhali maji yanagharimu, na Leta, yaani dola, ni maskini. Ni kweli kwamba mitambo hainunuliwi kwa maneno. Lakini kifungu cha 48 kiliagiza pia itungwe sheria ya kuongoza haki hiyo, na sheria ya maji ilitoka tarehe 31 Desemba 2015, karibu miaka kumi baadaye. Kutunga sheria hakuhitaji pampu. Tazama pia elimu ya msingi bila malipo, iliyoahidiwa katika kifungu cha 43. Ilisubiri hadi Septemba 2019, na ilipoanza, madarasa yalijaa kupita kiasi na walimu wakalalamikia mishahara. Hata hivyo ilianza, katika nchi ileile iliyosemwa kuwa haina uwezo. Umaskini unaweza kueleza kwa nini deni linalipwa kidogo kidogo, hauwezi kulifuta.

Pingamizi la pili ni vita. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini, mkoa wa Goma, uliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, wanajeshi wakashika utawala na mahakama za kijeshi zikahukumu raia. Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na watu wakarudi ziwani. Je, katiba ina kazi gani hapo? Kifungu cha 61 kinataja haki zisizoweza kusimamishwa hata katika hali ya hatari. Maji hayamo, lakini haki ya kuishi imo, na mwaka 1994 ulionyesha jinsi hizo mbili zilivyofungamana. Tena kifungu cha 60 kinamfunga kila mtu kuheshimu haki, si serikali peke yake, kwa hiyo anayeshika mji kwa bunduki hawezi kusema hahusiki. Wala vita havibebi lawama yote. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku na kuua makumi ya watu. Vita ndivyo vilivyoifunga barabara kati ya Goma na Minova na kuwasukuma watu majini. Kuhesabu abiria kabla ya boti kung'oa nanga kulikuwa kazi ya ofisi.

Kazi moja ingeweza kufanyika bila pampu na bila kungoja amani. Kifungu cha 142 kinaiagiza serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili ikiwa mojawapo. Asiyekijua kifungu cha 48 atayapokea maji ya bomba kama hisani, na yakikatika atanyamaza na kuchukua bidoni. Anayekijua atauliza nani anadaiwa, tangu lini, na atalipa vipi. Kifungu hicho kibandikwe kwa Kiswahili pale Kituku, bidoni zinapojazwa, ili wadai walisome deni lao.