Mahakama na Wajibu wa Tathmini ya Mazingira: Kutoka Uhuru Park hadi Lamu

Mwaka 1989 Wangari Maathai alifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Kenya kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, lakini kesi hiyo ilitupwa kwa sababu, kwa maoni ya mahakama, hakuwa na haki ya kushtaki: hakuonyesha dhara lililompata yeye binafsi, na maslahi ya umma yalikuwa ya Mwanasheria Mkuu kuyatetea.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 iliondoa kizuizi hicho, ikaanzisha mamlaka ya kusimamia mazingira, yaani NEMA, pamoja na baraza maalumu la kusikiliza rufaa dhidi ya maamuzi yake. Sheria hiyo ililazimisha tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi wa madhara ya mradi kabla haujapewa leseni, na kanuni za mwaka 2003 zikaeleza namna ya kuwashirikisha wananchi: mabango yabandikwe, matangazo yatolewe magazetini na redioni, na mikutano isiyopungua mitatu ifanyike na watakaoathirika. Katiba ya mwaka 2010 iliongezea uzito haki ya kila mtu ya kuishi katika mazingira safi.

Lamu ndiko kanuni hizo zilikopimwa kwa ukali. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba ujenzi wa bandari mpya ulianza bila tathmini ya kimkakati, ambayo huchunguza mpango mzima badala ya kipande kimoja, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa likafuta leseni ambayo NEMA iliipa kampuni ya Amu Power mwaka 2016 kwa ajili ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi. Baraza halikuamua kwamba makaa hayafai kabisa. Lilisema kwamba mikutano ya utangulizi, iliyofanyika kabla wananchi hawajajua utafiti umegundua nini, haiwezi kuhesabiwa kuwa ushirikishwaji, na kwamba kampuni ikitaka kuendelea ianze tathmini upya.

Mradi huo ulitegemea sana mitaji na makandarasi wa China, nchi yenye sheria yake ya tathmini tangu mwaka 2003, lakini ambako njia ya mahakamani ni nyingine. Huko mkazi wa kawaida hawezi kuishtaki idara ya serikali kwa niaba ya umma. Tangu mwaka 2017 mamlaka hayo yamo mikononi mwa ofisi za waendesha mashtaka wa dola, ambazo kwanza huiandikia idara husika ijirekebishe, na ikikaidi huipeleka mahakamani.

Tukirudi Kenya, kilichobadilika katika miaka 30 ni swali ambalo mahakama huanza nalo. Kesi ya Uhuru Park iliishia kwa kuuliza mlalamikaji ni nani; kesi za Lamu ziliilazimisha serikali yenyewe ieleze ilifanya nini, lini, na mbele ya nani, kabla ya kutia sahihi.