Maneno ya mwisho ya keneli

Iftin ni sehemu ya mji wa Garissa, na kwa Kisomali jina hilo maana yake ni nuru. Kwa miaka mingi nuru yenyewe ilitoka kwa jenereta za dizeli, kabla laini ya kilovolti 132 kufika kutoka Kindaruma kupitia Mwingi. Basi kompyuta ikizimika hapa hakuna anayeuliza mara mbili: ni stima! Nami nilimjibu hivyo mwenye duka mmoja ambaye seva yake ya Linux ilikuwa ikizimika na kuwaka upya karibu kila alasiri. Mzee akanunua UPS. Seva ikaendelea kuanguka.

Nikafungua logi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa kawaida kabisa, kisha kimya, kisha mashine inaanza upya. Tatizo hili ni la zamani. Keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayoandika kwenye diski. Ikifa yenyewe, nani ataandika habari za kifo?

Enzi za Unix ya mwanzo jambo hili halikuwa gumu. Memori ya mashine nyingi ilikuwa ya vipete vidogo vya sumaku, ambavyo havikusahau kitu hata umeme ukikatika. (Lile faili la "core" ambalo wengi wetu hulifuta bila kuliangalia lilipata jina lake hapo.) Mwongozo wa Unix Toleo la Saba, wa 1979, ulimwelekeza mhudumu aweke tepu, asimamishe mashine, kisha aianzishe kutoka anwani maalumu ili memori yote inakiliwe kwenye tepu. Kazi ya mikono, lakini ushahidi ulipatikana.

Memori za silikoni zilipoingia, umeme ukikatika kila kitu kinapotea. Watu wa BSD kule Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifanya keneli inayokufa imwage memori kwenye sehemu ya swap ya diski. Mashine ikiwaka tena, programu ya savecore iliwahi kuokoa nakala hiyo kabla haijafutwa.

Linux ilichelewa. SGI walitoa LKCD mwaka 1999, nayo iliandika diskini vilevile, lakini haikukubaliwa ndani ya keneli rasmi. Hofu ilikuwa ya haki: keneli iliyokwisha kuchanganyikiwa unaipa kalamu juu ya diski yenye data za watu? Red Hat wakaja na netdump, inayotuma kila kitu kwa mashine nyingine kupitia mtandao. Nzuri, kama una mashine nyingine.

Jibu lililodumu ni kdump, iliyoingia katika Linux 2.6.13 mwezi Agosti 2005. Keneli ya pili inalala katika kipande cha memori kilichotengwa. Ya kwanza ikifa, kexec inairukia ya pili moja kwa moja, bila kupitia BIOS, na hiyo yenye akili timamu ndiyo inayosoma memori ya marehemu.

Simu hazina nafasi ya anasa hiyo. Android za zamani, za enzi ya ile IDEOS ya Huawei iliyouzwa Kenya mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000, zilitumia kipande cha RAM kisichofutwa simu ikijiwasha upya, na logi ikasomwa kwenye /proc/last_kmsg. Mwaka huohuo Linux ilipata pstore, kazi ya Tony Luck wa Intel, ambayo baadaye ilichukua kazi hiyo. Ila ile tabia yetu ya kuchomoa betri simu ikiganda ndiyo hasa inayofuta ushahidi!

Na pstore ina kisa chake. Mwaka 2013 baadhi ya laptopu za Samsung zilikufa kabisa, kwa kuwa logi za ajali zilijaza hifadhi ya UEFI na mashine zikashindwa kuwaka tena.

Turudi Iftin. Nilitenga MB 256 kwa kdump, nikasubiri. Stima ikikatika, /var/crash inabaki tupu, kwa sababu keneli haikupata hata sekunde ya kusema. Siku ya pili alasiri nikakuta faili. Mkosaji alikuwa draiva ya kadi ya mtandao. Tulibadilisha kadi, kuanguka kukaisha, na ile UPS mzee anachajia simu za wateja.