Viwanja vya CHAN: nani alicheza wapi

Wadau, huku Gongo la Mboto ubishi wa vijiweni hauishi, basi naweka rekodi sawa. CHAN inaitwa ya 2024 ila ilipigwa Agosti 2025, baada ya kuahirishwa toka Februari. Wenyeji watatu, viwanja vitano.

Wetu ni Mkapa, wengi bado wanauita Taifa. Ulifunguliwa 2007, unameza watu 60,000. Kwa sisi wa barabara ya Nyerere ni rahisi: shuka Tazara, fuata Mandela kuelekea bandarini. Hapo ndipo Stars ilifungua dimba Agosti 2 kwa kuichapa Burkina Faso 2-0, na hapo hapo Morocco ikatutoa robo fainali, 1-0. Iliuma jamani!

Zanzibar ni Amaan, Kampala Namboole. Nairobi walikuwa na Nyayo na Kasarani, na fainali ilikuwa Kasarani, siyo kwa Mkapa: Morocco 3, Madagascar 2.

Sasa cheki hii. Kenya na Uganda nao walifia robo fainali, kila mmoja kwenye uwanja wake. AFCON 2027 wamepewa hawa hawa watatu, na safari hii Arusha nao wamejengewa hoja ya kuingia, uwanja mpya wa watu 30,000. Nyie mnaosema nyumbani ni nusu ya ushindi, leteni hoja.