Gertrude Ederle, Msichana Aliyevuka Bahari kwa Kuogelea

Wazee wa pwani wana mithali isemayo, Bahari haivukwi kwa kuogelea. Maneno hayo ni ya hekima, maana mtu ajuaye maji kujaa na maji kupwa, na nguvu za mkondo, hawezi kuifanyia bahari mzaha. Lakini leo nataka kuwasimulia habari za msichana mmoja wa Marekani aliyeivuka bahari kwa mikono na miguu yake mwenyewe, hali watu wengi walikwisha sema kuwa mwanamke hawezi. Jina lake ni Gertrude Ederle.

Alizaliwa katika mji wa New York tarehe 23 Oktoba 1905. Baba yake alikuwa mtu wa asili ya Kijerumani, na kazi yake ilikuwa kuuza nyama. Wakati wa joto jamaa hao walikuwa wakienda pwani ya New Jersey, na huko ndiko mtoto alikojifunza kuogelea. Alipokuwa angali mdogo alishikwa na surua, na ugonjwa ule ukamharibu masikio, asisikie vema. Madaktari wakamwonya kwamba akizidi kuingia majini masikio yatazidi kuharibika. Yeye hakuweza kuyaacha maji, kwa jinsi alivyoyapenda.

Katika New York palikuwa na chama cha wanawake waogeleaji, naye akaingia humo. Mwalimu wao, Louis Handley, aliwafundisha mtindo ambao siku zile ulikuwa bado mpya kwa wengi. Mwogeleaji hulala kifudifudi, hutupa mikono mbele mmoja baada ya mwingine, na miguu hupigapiga maji bila kukoma. Mtindo huo ni wa upesi kuliko ule wa kuogelea kama chura, lakini watu wengi walidhani kuwa huchosha mno, na ya kwamba hauwezi kufaa katika safari ndefu.

Gertrude akashika mafundisho hayo, na upesi jina lake likavuma. Akaanza kuvunja rekodi, yaani kuupita mwendo wa upesi kuliko wote uliokwisha andikwa. Mwaka wa 1922, alipokuwa na umri wa miaka 16, alivunja rekodi saba za ulimwengu kwa siku moja, katika mashindano yaliyofanywa Brighton Beach, New York. Mwaka wa 1924 alipelekwa Paris katika michezo ya Olimpiki. Huko alipata nishani ya dhahabu pamoja na wenzake watatu katika mashindano ya kupokezana, na nishani mbili za shaba kwa kuogelea peke yake. Watu walitumaini angeshinda zaidi ya hapo, naye pia alitumaini hivyo, basi hakurudi kwao na furaha kamili. Ndipo alipoikaza nia yake katika jambo kubwa kuliko yote, nalo ni kuuvuka Mlango wa Bahari wa Uingereza.

Mlango huo umo kati ya Uingereza na Ufaransa. Mahali palipo pembamba ni maili 21 tu, lakini maili hizo si za mtu kuzihesabu kama maili za njia ya nchi kavu. Maji ni ya baridi hata wakati wa joto, upepo hugeuka ghafula, na mkondo humchukua mwogeleaji ubavuni hata akaenda maili nyingi zaidi. Mtu wa kwanza aliyeuvuka bila msaada wa chombo chochote ni Kapteni Matthew Webb, Mwingereza, mwaka wa 1875, naye alikaa majini karibu saa 22. Toka siku hiyo hata mwisho wa mwaka wa 1925 watu wengi walijaribu, wakafaulu wanaume watano tu. Mwanamke hakufaulu hata mmoja.

Tena iko sheria moja ya kuangaliwa sana. Mwogeleaji hufuatwa na chombo, hupewa chakula na maji ya kunywa, lakini mtu yeyote akimgusa, safari imekwisha.

Mwezi wa Agosti 1925 Gertrude alijaribu mara ya kwanza. Mwalimu wake safari ile alikuwa Jabez Wolffe, mtu aliyekwisha jaribu mwenyewe zaidi ya mara ishirini asifaulu. Msichana aliogelea zaidi ya saa nane. Halafu Wolffe alimwona amelala juu ya maji, akadhani anazama, akaamuru ashikwe. Mwogeleaji mwingine akamshika, na hapo hapo safari ikavunjika. Gertrude alisema kwamba hakuwa akizama, bali alikuwa akipumzika, wala hakuomba kutolewa. Mtu aweza kuwa na nguvu, na nia, na bado akashindwa kwa sababu ya mkono wa mwingine aliyemhurumia kabla ya wakati. Jambo hilo lilimuuma sana.

Mwaka wa 1926 akarudi Ufaransa. Safari hii mwalimu wake alikuwa William Burgess, aliyekuwa mtu wa pili kuuvuka mlango huo, mwaka wa 1911. Baba yake na dada yake Margaret wakawamo katika chombo, naye akawaagiza wasikubali atolewe majini isipokuwa aombe mwenyewe. Akapakwa mafuta mwili mzima ili kupunguza baridi, akavaa miwani iliyozibwa kwa nta ili maji ya chumvi yasimwingie machoni. Ijumaa, tarehe 6 Agosti, saa moja ya asubuhi ilipokwisha kupita, aliingia baharini katika rasi ya Gris-Nez.

Asubuhi bahari ilikuwa njema. Watu waliokuwa chomboni walimpigia santuri na kumwimbia nyimbo ili asione uchovu, wakampa na mchuzi wa kuku. Lakini alasiri upepo ukavuma, mvua ikanyesha, mawimbi yakawa makubwa, na mkondo ukawa ukimrudisha nyuma. Waliokuwa chomboni wakaingiwa na hofu, wakamwita atoke. Yeye akainua kichwa akawauliza, Kwa nini? Kisha akaendelea. Baba na dada wakashika ahadi yao, wala hakuna aliyemgusa.

Usiku ukaingia. Katika pwani ya Kingsdown, upande wa Uingereza, watu wakawasha mioto ili aone njia. Saa tatu na nusu ya usiku ilipokwisha pita, miguu yake ikakanyaga nchi. Alikuwa amekaa majini saa 14 na zaidi ya nusu saa. Mwanamume aliyekuwa na rekodi ya upesi kuliko wote kabla yake alitumia zaidi ya saa 16. Basi msichana wa miaka 20 hakuwafikia wanaume tu, bali aliwapita wote watano, kwa mtindo ule ule uliosemwa kuwa haufai safari ndefu. Muda si mrefu mwanamume mwingine akaipita rekodi yake, lakini miongoni mwa wanawake ilidumu hata mwaka wa 1950.

Aliporudi New York watu wapatao milioni mbili walijaa njiani kumlaki. Lakini sifa ni kama povu la wimbi, huja na kwenda. Masikio yake yakazidi kuharibika, kama alivyoonywa. Mwaka wa 1933 alianguka katika ngazi akaumia uti wa mgongo, akakaa miaka mingi katika matibabu, na wengi walidhani hataogelea tena. Mwaka wa 1939 akaonekana tena majini mbele ya watu, katika maonyesho makubwa ya New York. Baadaye akafanya kazi ambayo haikupigiwa shangwe na milioni mbili. Aliwafundisha kuogelea watoto viziwi, watoto walioijua shida yake kuliko watu wote. Alifariki tarehe 30 Novemba 2003, mwenye umri wa miaka 98.

Sasa tuseme nini juu ya ile mithali? Mithali haikusema uongo. Bahari haivukwi na mtu aingiaye kwa kiburi bila kujifunza. Gertrude alijifunza miaka mingi, akashindwa, akarudi tena na mwalimu mwingine, na jamaa waliokubali kuizuia mikono yao. Nasi tulio na watoto na wanafunzi, tukiwaona wamelala kidogo juu ya maji, tutazame vema kwanza kama wanazama, au kama wanapumzika tu.