Eldorado: Ukumbi wa Dansi wa Motzstraße

Kwenye kona hii ya Motzstraße na Kalckreuthstraße, mjini Berlin, ulikuwapo ukumbi wa Eldorado, uliopendwa na wapenzi wa jinsia moja na wanaume waliovaa kike. Maandishi juu ya mlango yalimhakikishia mgeni kwamba hapa ndipo penyewe.

Ndani, mteja alinunua tokeni ili acheze na wasanii wanaume waliovaa kike na kujipamba. Watalii na matajiri nao walifurika, wengi wao wakija kushangaa tu. Eldorado ya kwanza, iliyokuwa jirani huko Lutherstraße, ilichorwa na Otto Dix mwaka 1927.

Muda wote huo Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani kiliharamisha ngono kati ya wanaume. Polisi walifumba macho, na macho ya polisi hufumbuka bila taarifa. Julai 1932 Kansela Franz von Papen aliiondoa madarakani serikali ya jimbo la Prussia, ambamo Berlin ilikuwamo. Oktoba, mkuu mpya wa polisi wa Berlin, Kurt Melcher, akapiga marufuku dansi za watu wa jinsia moja. Tuweke wazi: Hitler alikuwa bado hajawa Kansela.

Picha ya Machi 1933 inaonyesha ukumbi uliofungwa, ukiwa umetundikwa bendera za swastika na mabango ya uchaguzi ya Wanazi. Mwaka 1935 Wanazi walikikaza Kifungu cha 175. Kilifutwa kabisa mwaka 1994.